Mkaa Unaofikiria

Shati langu bado linanuka mafuta ya taa, na tangu jana jioni mke wangu ananiita "Mpishi Mkuu" kwa sauti isiyo na chembe ya heshima.

Wakwe walialikwa nyama choma saa saba mchana. Saa nane nilikuwa nimechuchumaa uani, napepea mkaa mbadala kwa mfuniko wa ndoo. Vipande nilivitandaza kimoja kimoja, kama dagaa wanaoanikwa. Zamani ningewashia mfuko wa rambo, lakini ulipigwa marufuku Juni 2019, basi nikamwagia mafuta ya taa. Moto ukaruka, mashemeji wakapiga makofi, nikainama kidogo kupokea sifa. Dakika mbili baadaye vipande vilikuwa vyeusi tii, kana kwamba havijaguswa.

Baba mkwe akasogeza kiti. "Mkwe, huo mkaa unawaka au unafikiria?"

Unafikiria, baba. Mkaa wa mti hubaki na vinjia vilivyokuwa vikipitisha maji mti ungali hai. Hewa hupenya humo, moto ukafuata. Huu wangu ni chenga zilizosagwa, zikakorogwa na uji wa muhogo, zikashindiliwa kwenye mashine. Hewa haina pa kupita. Moto hupiga hodi nje, huingia taratibu, na ukishaingia hautoki upesi. Kumbe dawa ni kuurundika vipande vipashane joto, uuwashe kwa chini, usubiri nusu saa na zaidi hadi uvae jivu jeupe, ndipo uutandaze. Kupepea kwangu kulifanya kazi moja tu: kupeleka jivu kwenye kachumbari.

Nani aliniambia? Muuzaji alisema, "Unawaka kama mwingine tu, bosi." Tunahimizwa tuiache miti, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Basi anayeiacha miti asiuziwe udongo. Udongo kidogo hutiwa ili kipande kisiteketee haraka; mwenye tamaa hutia mwingi ili kilo itimie. Jivu nililozoa leo lingetosha kukandika ukuta.

Mishikaki ya kwanza ilikuwa mibichi. Ya pili iliungulia mafuta ya taa. Ya tatu alikula paka. Wakwe walikula chipsi mayai za kibandani, wakaaga kwa adabu inayouma.

Saa nne usiku nilitoka kufunga geti. Jiko lilikuwa jekundu lote, tulivu, bila moshi, tayari kwa mbuzi mzima. Nikabandika maharage. Yaliiva saa sita, nikayala peke yangu, nimesimama.