Ni Kapteni Peke Yake Anayesema

Sheria za mpira wa wavu zinasema kwamba ni kapteni peke yake anayeruhusiwa kumsemesha mwamuzi, tena mpira ukiwa umekufa, na kwa mambo machache kama kuomba kueleweshwa. Aliyeandika maneno hayo hajapata kufika mtaa wetu wa Bel-Air, Lubumbashi. Huku kwetu, commune ya Kampemba, kapteni ni kapteni, mama yake kapteni ni kapteni, na yule anayeuza mikate mlangoni pa ukumbi ni kapteni mstaafu. Nikipuliza filimbi ninajibiwa na mtaa mzima. Anayenyamaza ni kapteni mwenyewe, kijana mpole ajabu, ambaye hata akisukumwa aje kulalamika huja akatazama viatu vyangu, akarudi.

Kazi hii sikuiomba. Vijana waliunda timu, wakatafuta mtu mzima aliyesoma kitabu cha sheria kwa Kifaransa mpaka ukurasa wa mwisho, na kwa bahati mbaya mtu huyo nikawa mimi. Mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mjini Holyoke, Marekani, kwa ajili ya wafanyabiashara waliotaka kunyoosha viungo bila kuumizana kama kwenye mpira wa kikapu. Mwaka huo Lubumbashi ilikuwa haijaanzishwa. Mji wetu ni wa 1910. Nalitaja hili kwa sababu kila mechi hakosi mtu wa kuniapia kwamba sheria fulani aliikuta kwa babu yake.

Wavu wa wanaume unatakiwa uwe na kimo cha mita 2.43 katikati ya uwanja, na pembeni pande zote mbili zilingane, zisizidi kimo hicho kwa zaidi ya sentimita 2. Wenzetu wana fimbo maalumu ya kupimia. Sisi tulikuwa na kijana mmoja mrefu. Akisimama wima akanyoosha mkono, ncha ya kidole chake cha kati ilitakiwa iguse utepe wa juu, basi. Fundi seremala alishampima kwa futi kamba tukaridhika. Kisha kijana akapata kazi mgodini Kolwezi, akaondoka na kipimo chetu. Tangu hapo wavu unafungwa kwa kukadiria, na kila timu inayofungwa huona umepanda.

Halafu kuna suala la mwamuzi mwenyewe. Mwamuzi wa kwanza anatakiwa asimame juu ya jukwaa dogo kwenye nguzo ya wavu, macho yake yawe nusu mita hivi juu ya utepe. Jukwaa langu ni ngazi ya mpaka rangi anayekaa nyuma ya ukumbi, mtu mwema ila hajui kukataa kazi. Siku tulipocheza na vijana wa Kenya (Kenya hii ni commune jirani yetu, si ile ya Nairobi), katikati ya seti ya pili aliingia, akasimama chini yangu kwa adabu, kofia mkononi.

“Papa arbitre, unisamehe. Kuna mteja.”

Kitabu kinaeleza la kufanya mchezaji akiumia, kocha akitukana, mpira ukichana wavu. Kuhusu mwenye ngazi hakisemi kitu. Nikateremka. Mechi iliyobaki niliiamua nikiwa juu ya kreti mbili za bia ya Simba, tupu, naomba hilo lieleweke. Mchezaji akigusa wavu kati ya antena mbili wakati wa kucheza mpira ni kosa, lakini kutoka kwenye kreti mbili huoni nani kagusa. Unaona wavu unatikisika, na watu kumi na wawili wanakuangalia kwa macho ya malaika.

Nje ya ukumbi kuna njia panda, na kwenye njia panda kuna polisi wa roulage, yaani wa barabarani. Filimbi yake na yangu nadhani zilitoka duka moja. Seti ya tatu alisimamisha teksi, na timu ya Kenya nayo ikasimama. Vijana wa Bel-Air waliozaliwa na ile filimbi masikioni waliendelea kucheza, wakaupiga mpira chini, wakashangilia. Nikaamuru urudiwe. Makapteni wastaafu wa mlangoni wakataka kujua tangu lini teksi inachezea Kenya. Mpira wa tatu baada ya hapo kukawa na filimbi nyingine. Safari hii nilipuliza mimi, na hakuna aliyesimama.

Mezani, kando ya mwandishi wa pointi, hukaa mzee mmoja mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines. Alicheza voliboli enzi ambazo pointi ilipatikana kwa timu yenye sevisi tu. Ukishinda mpira huna sevisi, unapata sevisi, basi. Mtindo huo ulifutwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi kila mpira unazaa pointi, seti inaishia 25 na ya tano 15, mradi tofauti iwe mbili. Mzee habari hizi amezisikia, amezipokea kwa heshima, na hajazikubali. Ana daftari lake. Ubao ulipoonyesha 13 kwa 11 katika seti ya tano, Bel-Air mbele, daftari lilikuwa bado seti ya pili, 6 kwa 4, na mwenyewe anatutazama kwa huruma tunavyoharakisha mambo.

Ile pointi ya 13 ilikuwa sevisi iliyogusa mstari wa nyuma. Mstari una upana wa sentimita 5 na ni sehemu ya uwanja, kwa hiyo mpira ulikuwa ndani, ingawa nilishaelezwa kwa sauti kubwa kwamba “ile mupira iko inje” na mama mmoja wa Kenya aliyekuwa ameipa mechi mgongo, anachagua kinywaji cha munkoyo. Aliyepiga sevisi hiyo alikaa chini akazunguka uwanja akiruka kwa matako, kama Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe, mwaka 2010 walipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ukumbi ulipasuka kwa kelele. Nilimngoja. Alipoanza mzunguko wa pili nikaweka kadi ya njano juu ya kifundo cha mkono, ishara ya onyo la kuchelewesha mchezo. Onyo hilo halimwendei mtu mmoja, linakwenda kwa timu. Mama yake akasimama.

“Papa arbitre, ni matako ya mutoto mumoja. Juu ya nini unapatia bote?”

Nimeisoma sheria ile mara nyingi tangu siku hiyo, na swali la mama bado naliona lina uzito.

Nilikuwa sijamjibu umeme ulipokatika. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Juni, na jua la Juni Lubumbashi halimsubiri mtu.

Sasa hapa, msomaji, ndipo kitabu kinapokuwa kitamu. Mechi ikikatizwa na jambo kama hilo, ikaendelea kabla ya muda wa saa nne kupita, kuna njia mbili. Ikiendelea kwenye uwanja uleule, seti inaanzia ilipoishia, pointi zilezile, wachezaji walewale, nafasi zilezile. Ikihamia uwanja mwingine, seti iliyokatizwa inafutwa na kuanza upya. Zile zilizokwisha zinabaki na matokeo yake. Saa nne zikipita, mechi nzima inarudiwa. Nilikosea nini kuyasema haya kwa sauti, sijui, ila dakika ileile vijana wa Kenya waliingiwa na mapenzi makubwa ya hewa safi. Nje kuna uwanja wa udongo! Wavu utafungwa kwenye miembe! Wenye pikipiki watawasha taa! Kocha wao alikuwa ameshaanza kuhesabu pikipiki.

Bel-Air, waliobakiza pointi mbili, wakagundua kwamba giza la ukumbini si giza sana. Wakawasha simu. Mtu mmoja akataka kuthibitisha kwamba mpira unaonekana. Akaurusha, ukashuka juu ya sinia la mikate. Maamuzi kama haya sheria inawapa mwamuzi wa kwanza, mwandalizi na kamati ya mashindano kama ipo. Kamati yetu ni papa mwenye funguo za ukumbi. Tulikutana gizani, tukaamua kungoja.

Watu wa Bel-Air wako nyumbani, hivyo walikwenda nyumbani. Nani akae kwenye sakafu ya simenti na bukari (ugali wetu) inapikwa hatua mia moja kutoka hapo? Wale wa Kenya hawakuwa na pa kwenda, maana nauli ya kurudi ilikuwa mfukoni mwa kocha, na kocha alikuwa hatoi. Kitabu kinataka joto lisipungue nyuzi 10. Sikuwa na kipimajoto, lakini niliwaona wachezaji wanne wamejifunika wavu wa akiba.

Umeme ulirudi saa tatu na nusu usiku. Saa nne hazijatimia, ukumbi uleule, 13 kwa 11. Nikapanda kreti, nikapuliza. Kenya wakasimama sita, wanatetemeka. Bel-Air wakasimama watano. Mchezaji wa akiba alikuwa amekwenda zamu ya usiku, na yule mpiga sevisi, Kidiaba wetu, hayupo. Mtoto aliyetumwa kumwita alirudi na jibu la mama: amekula, amelala, kesho ana mtihani, na huyo arbitre aliyempa kadi aje amwamshe mwenyewe.

Timu isiyotimiza wachezaji sita inahesabiwa pungufu, inapoteza seti, na mpinzani anaongezewa pointi za kumfikisha mwisho. Iliyo pungufu inabaki na zake. Kenya wakapata nne bila kugusa mpira: 15 kwa 13. Mtu akapendekeza Bel-Air wagome, waondoke wote. Nikawaeleza kwamba kukataa kucheza ni kosa kubwa zaidi. Hapo wangefutiwa hata zile seti mbili walizoshinda, na matokeo yangeandikwa 3 kwa 0, kila seti 25 kwa 0. Wakabaki.

Ndipo kapteni wetu alipokuja mbele yangu. Ukumbi mzima ukanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu niwe mwamuzi. Akaniamkia, akaomba nimweleze sheria inayohusika. Nikamweleza. Akauliza kama anaweza kuandikisha pingamizi kwenye karatasi ya mechi. Anaweza, ni haki yake, na hakuna mwingine mwenye haki hiyo. Akaandika mistari miwili kwa hati nzuri, akatia sahihi, akanishukuru, akatoka. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu kama ishirini, kila mmoja anataka kalamu.

Pingamizi lilikataliwa. Mechi ya marudiano itachezwa Kenya, na wachezaji wa Bel-Air wanaombwa kula kabla ya kutoka nyumbani.