Kumvua Mwatiko wa Vamizi: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Ndugu yangu uliyeshuka Pemba, hii Pemba ya Cabo Delgado, na fimbo nne za kuvulia ndani ya bomba la plastiki: karibu sana. Umeuliza mito ya Vamizi ina karpi wakubwa kiasi gani. Nitakucheka kidogo, na unisamehe, maana nakucheka kwa kukutakia mema. Vamizi haina mto. Ni kisiwa chembamba cha mchanga na matumbawe, urefu wake kama kilomita 12. Mto wa jirani ni Ruvuma, unaoingia baharini kaskazini mwa Palma, mpakani mwa Msumbiji na Tanzania, na ukikanyaga kingo zake bila kuwauliza wenyeji, mamba atakuona kabla wewe hujamwona samaki.

Lakini usifunge mzigo. Yale unayoyapenda kwa karpi wa Mto Vaal kule Afrika Kusini, woga wake, ulaji wake wa taratibu, mdomo wake usio na papara, yote anayo samaki wa bahari hii anayeitwa mwatiko. Wala hawakufanana kwa bahati tu. Wataalamu wa samaki wanamweka mwatiko karibu na ukoo wa karpi kuliko samaki wengi anaoishi nao mwambani, kolekole na changu wakiwemo. Katika familia yake amebaki peke yake. Jamaa zake wengine leo ni alama kwenye mawe ya kale. Mwatiko hukua kupita mita moja, mwili wote fedha, mkia kama mkasi uliofunguliwa, na mdomoni hana jino hata moja.

Hilo la meno lishike, maana ndilo linaloharibu safari za watu. Kolekole ukimtupia kitu kinachokimbia atakifuata kwa hasira. Mwatiko hana habari na kinachokimbia. Anakula mwani, ule utando wa kijani unaoota juu ya mchanga na mawe, pamoja na vijidudu vilivyomo. Wewe unatupa manyoya yanayong'aa, unavuta mshipi kama mtu anayechota maji kisimani, kisha unarudi kambini ukisema samaki wa huku ni wagumu. Si wagumu. Umempelekea nyama mtu asiyekula nyama.

Kwa hiyo funga ndoana ya kijani. Chukua ndoana ndogo, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, lakini ya chuma kinene, kwa sababu iliyo nyembamba ataikunjua. Zungushia uzi kutoka tunduni hadi inapoanza kupinda. Fungia nyuzi za sufi za kijani, zichane kwa mswaki wa zamani mpaka zilegee, halafu punguza kwa mkasi hadi libaki shada la ukubwa wa korosho moja. Sasa itie kwenye kikombe cha maji ya bahari na uitazame. Ikisimama wima kama brashi ya viatu, punguza tena. Ikiyumba na kulala upande, kama kipande cha mwani kilichong'oka chenyewe, imekuwa. Kule kisiwa cha Alphonse, Shelisheli, wavuvi wa michezo walifika hapohapo: kijani, laini, isiyo na mbwembwe.

Sasa maji, na hapa nitakaa, kwa sababu samaki huyu hapatikani kwa ndoana peke yake. Simu yako itakuambia saa ya kujaa na kupwa. Mwezi utakuambia zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji mengi hivyo yakipita katika mlango mwembamba wa mwamba hung'oa mwani na kuubeba. Pale mikondo miwili inapokutana, povu na mabaki hujipanga mstari mrefu kama njia ya ng'ombe. Mwatiko huja kwenye mstari huo, wakielekea mkondo unakotoka, midomo wazi, mapezi ya mgongo na ncha za mikia zikitokeza juu ya maji. Mgeni akiona mapezi hupiga kelele kuwa ni papa, kundi zima huzama, na asubuhi imekwisha. Kaa kimya, keti chini, hesabu mikia.

Siku za maji mafu mstari huo huwa dhaifu, au haupo kabisa. Kusi ikivuma kwa nguvu hutawanya povu, na utakuwa unatupa mshipi kwenye mawimbi matupu. Wakati mzuri ni maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inalala.

Haya yote nahodha wa Kimwani, yaani wa Wamwani, wenyeji wa pwani hii, anayajua tangu utoto. Kabla hujamwonyesha rili yako, mwamkie, uliza habari za nyumbani, na umwite nahodha au mzee. Zungumza naye Kiswahili bila haraka. Kimwani ni ndugu wa damu wa lugha hii, lakini si lugha moja, basi usidhani kila neno litaeleweka. Akinyamaza akitazama maji, nawe nyamaza. Akisema turudi, rudini.

Ukimwona samaki, tupa mita tatu au nne mbele yake, upande mkondo unakotoka, na uache ndoana iende na maji. Mkono utakuwasha uvute. Usivute. Mwatiko akiisomba ndoana pamoja na mwani wake hutasikia mshtuko. Mshipi utakaza tu, kama umegusa jani. Hapo vuta kwa mkono wa mshipi, kwa ulaini na bila kusita, maana nyama ya mdomo wake huchanika upesi. Kisha jiandae. Ataondoka na mita 100 za mshipi kwa pumzi moja, ataruka, atatulia ukidhani amechoka, ataondoka tena. Saa nzima ya kupambana si ajabu kwa samaki mkubwa. Mwambie nahodha amfuate kwa boti, usimchoshe kutoka mbali, kwa sababu aliyechoka sana huwa chakula cha papa hata ukimwachia.

Na umwachie ndani ya maji, mikono ikiwa imelowa, kichwa chake kikielekea mkondo. Mtu wa kijiji akimpeleka samaki wake nyumbani, hicho ni kitoweo. Utavumilia miiba, nayo ni mingi kweli, lakini mwatiko wa kuchoma kwa makaa na mhogo wa nazi ni chakula cha heshima. Lililo muhimu ni kwamba wanakijiji wa Vamizi, kupitia baraza lao la uvuvi, walitenga sehemu ya mwamba wao isivuliwe ili samaki warudi. Ukiambiwa hapa hapavuliwi, hata ndoana ya kuachia usiitupe.

Uliza pia usalama kabla ya kuuliza upepo. Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, na Septemba 2020 watu wenye silaha walivamia kisiwa hiki na wenyeji wakakimbia. Anayekupeleka kuvua huenda amepoteza nyumba au ndugu. Mlipe vizuri, mlipe siku hiyohiyo, na usimfanye asimulie yaliyompata kama hajataka mwenyewe.

Nikurudishe kwenye mto ulioutafuta. Mwatiko hutaga baharini, karibu na miamba. Vifaranga huelea wiki mbili au tatu, vidogo, vyembamba kama vipande vya uzi, kisha huingia mikokoni na kwenye milango ya mito kukua. Mlango wa Ruvuma na vijito vya Palma ni mahali pa namna hiyo. Mikoko ikikatwa, au chandarua cha mbu kikiburutwa humo, samaki unayemtafuta anakufa akiwa na urefu wa ukucha. Basi ukipita Palma, usiwape watu chandarua cha kuvulia, na kuni za mikoko usizinunue.

Ukija, njoo na bamvua ya Novemba. Na ulete uzi wa kijani wa ziada, umwachie nahodha.