Barua kutoka Kendal: Kina Mama Wanaopiga Sufu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Na nyote mlioketi hapo barazani, maana najua barua zangu hazisomwi kimyakimya, salaam nyingi.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti umeuliza hiki kikundi changu cha Jumamosi kinanilipa kiasi gani. Hakinilipi, Shangazi. Mimi ndiye ninayekilipa. Natoa hela ya ukumbi, natoa hela ya chai, sufu najinunulia mwenyewe, kisha nasimama tangu asubuhi hadi alasiri nikisugua manyoya ya kondoo kwa maji ya moto na sabuni mpaka mabega yanaomba talaka. Baba Mdogo akisikia hivyo atasema nimerogwa. Mwambie angoje barua iishe.

Mji wa Kendal uko kaskazini ya Uingereza, ukingoni mwa milima ya Cumbria. Mvua ya huku haina masika wala vuli, inanyesha inapojisikia. Karne nyingi mji ulikula kwa sufu, na kwenye nembo yake wameandika kwa Kilatini kwamba kitambaa ndicho mkate wao. Kijani cha Kendal kilivuma hata Shakespeare akakitia katika mchezo wake wa Henry wa Nne. Siku hizi mkate huo umechacha. Mfugaji akinyoa kondoo wake, mara nyingi ujira wa mnyoaji unazidi bei ya sufu yenyewe. Na kunyoa ni lazima, kwani kondoo asiponyolewa atataabika kwa joto na funza watamla angali hai. Kwa hiyo kina mama wetu wakienda kuomba sufu shambani, hawabembelezi. Mwenye shamba ndiye anayewakimbilia na gunia la pili.

Kondoo wenyeji wa milima hii wanaitwa Herdwick. Wanazaliwa weusi, na kadiri miaka inavyokwenda wanageuka kijivu huku uso ukigeuka mweupe. Yule mama aliyeandika na kuchora vitabu vya watoto vya sungura, Beatrix Potter, alikuwa mfugaji wao hodari, na alipofariki mwaka 1943 aliacha mashamba yake zaidi ya kumi kwa shirika la National Trust pamoja na makundi ya Herdwick. Wenyeji wanawapenda mno. Lakini sufu yao! Ngumu, imejaa singa, inachoma, na kushikamana haitaki. Kikundi kizima kinaisifu na kila mtu ananunua ya merino.

Tunachotengeneza kinaitwa felti. Ni kitambaa kisichofumwa wala kusokotwa wala kushonwa, nawe umeishi nacho miaka yote. Ile tarbushi aliyovaa marehemu Babu kwenye picha ya jeshi la KAR hapo ukutani ni felti. Fikiri, jeshi la Mwingereza lilimvisha mtu wa Pangani sufu kichwani, jua la Tanga likimtazama!

Kazi yenyewe ni hii. Unywele wa kondoo una magamba madogo mno, jicho halioni. Maji ya moto na sabuni yakiingia, na mkono ukisugua, nyuzi zinaanza kutambaa na magamba yanakamatana. Zikishikana hazirudi nyuma. Tunatandaza sufu iliyochambuliwa, tabaka nyembamba kwenda wima, nyingine juu yake kwenda mlalo, tena wima, tena mlalo. Juu yake tunafunika wavu usiotofautiana na chandarua. Nilipowaambia kwamba kwetu wavu wa namna hii unazuia mbu wa malaria, ukumbi mzima ulinyamaza, mmoja akaniambia “pole sana” kwa sauti ya msibani, na mwenzake akaniongezea biskuti.

Tunanyunyiza maji, tunapaka sabuni ya mafuta ya zeituni, tunasugua polepole kwa viganja. Baadaye tunakunja kila kitu ndani ya kijamvi cha mwanzi na kukibingirisha mezani, mbele nyuma, mbele nyuma. Kisha unafinya uso wa kitambaa kwa vidole viwili. Nyuzi zikinyanyuka moja moja, bado. Kikinyanyuka kitambaa chote, tayari. Na hapo ndipo utakapocheka, Shangazi, maana kinachofuata ni kipigo.

Tuna mama mmoja mkutubi mstaafu, mwanamke anayekiomba radhi kiti akikigonga. Wakati ukifika, huyu mama ananyanyua kitambaa kinachochuruzika maji hadi juu ya kichwa, anakibwaga mezani, paa! Anakiokota, anakibwaga tena, paa! Uso hakunji, miwani haimtoki. Mara ya kwanza nilisogea pembeni nikamwuliza jirani yangu, “Anamfikiria nani?” Akajibu bila kuinua macho, “Mkwe wake.” Kumbe ndivyo kitambaa kinavyokazwa. Kadiri unavyokipiga ndivyo kinavyosinyaa na kuwa kigumu, na yupo mwenye ndoa nzuri ambaye kila siku kitambaa chake hakikazi.

Wengine hawataki maji, wana sindano ndefu zenye vijino. Unachukua donge la sufu kavu unalichoma, unalichoma, mpaka linakuwa ndege au panya. Meza yao ni ya utulivu na kunong’ona, na vidole vimefungwa plasta. Mimi huwa nakaa mbali nayo.

Sasa utaniuliza, kama si fedha ni nini? Nami nina jibu, ingawa wenyewe hawatalikubali. Watu wa huku hawajui kuketi pamoja bila sababu. Hodi hakuna. Ukitaka kumwona mtu unampelekea ujumbe, mnatafuta tarehe, naye anaiandika kwenye kalenda ya jikoni chini ya siku ya daktari wa meno. Ukimtokea mlangoni atadhani umefiwa. Basi wakaona waunde kikundi, chenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na kumbukumbu za kikao kilichopita ambazo lazima zithibitishwe. Kikao cha juzi kilijadili kwa kirefu nani alipoteza kifuniko cha birika. Chai ni saa nne na nusu, si saa nne na dakika thelathini na tatu. Lakini mikono ikishaingia kwenye povu na macho yakiangalia chini, hapo ndipo utawasikia. Huyu goti lake linapasuliwa, yule mwanawe ameachana na mkewe, mwingine mumewe alifariki na tangu hapo analala sebuleni na redio. Ni kama nyinyi na ukili wenu, mikono inasuka mkeka na mdomo uko nyumba ya tatu. Tofauti ni kwamba nyinyi hamkumchagua mhazini.

Mwaka huu tulikubaliana kutengeneza kazi ya pamoja, picha kubwa ya mto Kent unaopita katikati ya mji, ya kutundikwa kanisani. Kila mtu apewe kipande chake cha mto, atengeneze mraba, kisha tuunganishe. Felti inasinyaa, mara nyingi theluthi na zaidi, kwa hiyo kamati ikatoa agizo kwa maandishi: anzeni na sentimita 45, mmalizie 30. Tuna mwalimu mstaafu wa hisabati, hesabu aliipiga yeye na ilikuwa safi kabisa.

Siku ya kuunganisha ilifika. Mraba wa mkutubi, kwa sababu ya mkwe, ulikuwa mdogo na mgumu hata ungeweza kuuezekea nyumba. Wa yule mwenye ndoa nzuri ulikuwa mpana na mlegevu. Mmoja alitumia Herdwick kwa uzalendo, kipande chake kikakataa kusinyaa na kikawa na ndevu. Mto wenyewe ulikuwa ukitoka mraba mmoja ukiwa bluu unaingia mwingine ukiwa kijani, na mahali pawili maji yalikuwa yakipanda mlima. Kwetu hapo sauti zingepaa. Hawa walisimama wakiutazama, mmoja akasema, “Inapendeza sana,” wa pili akasema, “Ina uhai,” na kwa jinsi walivyotamka nilijua huo ndio ugomvi wenyewe. Mwenyekiti akatangaza chai kabla ya wakati, jambo ambalo halijapata kutokea.

Aliyeokoa jahazi ni yule wa Herdwick. Alisema tukate mistari mirefu ya sufu ile ya kijivu tuipachike katikati ya miraba, kila penye pengo pawe mlima au ukuta wa mawe. Na milima ya huku ndiyo rangi yake hasa. Picha sasa ina milima mingi kuliko Cumbria yenyewe, nayo imetundikwa. Wageni wakiuliza kwa nini mto umekatikakatika, mwalimu wa hisabati anaenda kuchemsha maji.

Usidhani ni mchezo wa wajane tu. Mwaka 1979 Mary Burkett, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Abbot Hall hapahapa Kendal, aliandaa maonyesho ya felti baada ya kusafiri Mashariki na kuona mafundi wa huko kazini, na mwaka 1984 mafundi wa Uingereza wakaunda chama chao ambacho leo ni cha kimataifa. Sanaa yenyewe ni ya kale mno. Kwenye makaburi ya barafu ya Pazyryk, milima ya Altai, wamefukua mabata-maji ya felti yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na yangali na shingo zao. Wazungu wao wana hadithi ya Mtakatifu Klementi, eti alijaza sufu kwenye viatu akitembea, jasho na uzito wa mguu vikaigeuza felti. Sikukuu yake ni tarehe 23 Novemba. Kwa maoni yangu anayestahili sikukuu ni aliyefua soksi zake.

Nimekutengenezea makubazi ya ndani, rangi ya zambarau. Najua Pangani hakuna baridi, yaweke kabatini, wageni wayaone. Usimruhusu binti wa kazi ayatie maji ya moto, yatamfaa paka. Na Baba Mdogo, ambaye tayari ameagiza kofia ya pama, anipimie kichwa kwa utepe wa fundi cherehani. Apime kichwa chenyewe, si heshima yake, maana hapo nitaongeza nusu mimi na sufu hainitoshi.