Bisha Hodi Idara ya Jirani: Sababu Tano, Kuanzia Mkiani

5. Kuuliza si ujinga. Fundi wa tawi la Mbeya akishaijua dawa ya mashine, kwa nini wa Tanga akeshe nayo? Jamani, pigeni simu!

4. Ukimya ni ghali. Tarehe 23 Septemba 1999, NASA ilipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipowasili Mirihi. Programu ya Lockheed Martin ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi. Waliokiongoza wakazisoma kama nyutoni. Wenye wasiwasi walikuwepo, ila wasiwasi wao haukufika panapohusika. Mwenzangu, kuuliza "hiki ni kipimo gani?" hakutozwi kodi.

3. Tatizo kubwa si roho mbaya. Mwaka 1996 Gabriel Szulanski alichapisha utafiti kuhusu kampuni nane, akiuliza kwa nini ujuzi hukwama ndani ya kampuni moja. Akakuta mpokeaji hana msingi wa kuelewa, sababu za mbinu kufaulu hazijulikani vizuri, na idara zenyewe haziivi. Kwa hiyo bosi, punguza kufoka. Wape watu nafasi ya kufanya kazi pamoja.

2. Soga za mafundi ni darasa. Mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi wa fotokopi wa Xerox. Mwongozo ulipowaacha njiani, visa walivyosimuliana wakila ndivyo vilivyowavusha. Baadaye kampuni ikawa na mfumo wa Eureka, ulioanzia kwa mafundi wa Ufaransa: fundi anaandika mbinu, wenzake wanaihakiki, kisha inasambazwa ikiwa na jina lake. Jina lake! Hiyo ni heshima ambayo bahasha hainunui.

1. Ujuzi hutembea kwa miguu ya watu. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa 1982 kikiwa na sifa mbaya. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, wafanyakazi wengi wakiwa walewale. Baadhi walipelekwa Japani, wakajionea: mtu akiona kasoro anavuta kamba, na kiongozi wa kundi anakuja mbio kumsaidia, si kumgombeza. Ubora ukapanda. Lakini mameneja wa GM waliojifunza pale walitawanywa mmojammoja, kila mtu peke yake kati ya wasiomwelewa. Kiwanda kingine cha GM, cha Van Nuys, jimbo hilohilo, kilijaribu mbinu hizo, kikashindwa, kikafungwa 1992. Ningekuwa na sauti, ningewapeleka mameneja hao Van Nuys kumi kwa mkupuo!