Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Ofisi Anayeungoja Mwezi Juni

Kwa: Mkuu wa ofisi yoyote ya umma, kuanzia Mwingi hadi Makindu
KUH: FAILI INAYOKATAA KUFUNGUKA

Barua ya kurasa mbili iliyohifadhiwa kwenye seva ya ofisi huhitaji chini ya sekunde moja kufika kwenye kompyuta ya karani. Hata swichi kuukuu ya megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 12 kila sekunde, na barua ya aina hiyo kwa kawaida haifikii megabaiti moja. Inayofunguka baada ya dakika mbili, basi, haikucheleweshwa na mwendo. Imekwama mahali ikingoja jibu.

Hata hivyo, mwananchi aliyepanda matatu kutoka Mutha hadi Kitui mjini, au kutoka Mtito Andei hadi Wote, huambiwa kwamba intaneti iko chini. Seva iko chumba cha pili. Faili haitoki nje ya jengo, lakini lawama hutwikwa mkongo wa taifa, uliokusudiwa kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47.

Utaratibu wa kumsaka mkosaji ni mfupi kiasi cha kuudhi. Faili hunakiliwa kwenye kompyuta yenyewe na kufunguliwa hapo. Ikifunguka papo hapo, tatizo liko njiani au kwenye seva. Ikisuasua vilevile, mkosaji ni faili, programu au kompyuta. Seva nayo huitwa kwa anwani yake ya namba: ikiitika upesi kwa namba na kusitasita kwa jina, huduma ya kutambua majina ndiyo mgonjwa. Faili kubwa pekee zikichelewa, hukaguliwa waya na swichi. Antivairasi inayokagua faili ileile kwenye seva, kisha tena kwenye kompyuta, nayo huhojiwa.

Yapo pia maradhi yasiyoonekana kwa macho, nayo hutokana na uaminifu uliopita kiasi. Waraka wa Word hukumbuka kiolezo chake kilikuwa kwenye seva gani. Seva hiyo ikiondolewa, Word huendelea kubisha hodi mpaka ichoke, ndipo ifungue barua. Jedwali la Excel lililofungamanishwa na bajeti ya miaka iliyopita huweza kufanya vivyo hivyo. Hata printa huulizwa hali yake kabla ya ukurasa kuonekana, ijapokuwa imeshapelekwa stoo kungoja mnada. Dawa ni kuchagua printa iliyo hai, kubadilisha kiolezo, kukata viungo vilivyokufa na kufuta njia za seva zisizokuwepo tena. Kazi hiyo haina zabuni, haina posho ya safari, wala haihitaji warsha ya siku tano Mombasa. Pengine ndiyo maana haifanywi.

Kinachofanywa ni kununua. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na ni ajabu ya kitabibu kwamba kompyuta huzidiwa karibu na tarehe hiyo. Mpya huletwa, hupakiwa faili zilezile, nazo huanza kumbishia hodi marehemu yuleyule, ila kwa kioo kipana zaidi. Fundi aliyetaka kuuliza swali hupewa kazi ya kubeba maboksi.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma muda usiozidi siku 21 kuamua ombi la mwananchi, na saa 48 habari hiyo ikihusu uhai au uhuru wa mtu. Haikutenga hata dakika moja ya kuisubiri printa iliyo stoo.

Ofisi ya Mheshimiwa inaombwa, kwa unyenyekevu wote, imruhusu fundi anakili faili moja na kuifungua kabla ya zabuni nyingine kutangazwa.