Sangara Hakuhudhuria

Wanaolalamikia leseni za uvuvi za Ziwa Victoria hawana shukrani. Leseni hapa hazina kikomo: mwenye mtumbwi na ada hupewa, wa mia kama wa elfu, maana serikali makini haiwezi kuwabagua walipaji kwa kisingizio kidogo cha samaki kuisha. Hata kipimo kimewekwa kwa upole. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na wa zaidi ya 85 alitengwa ili azae. Mkorofi atauliza: wavu unampimaje samaki usiku wa manane? Haumpimi. Rula iko mwaloni, mikononi mwa ofisa, na samaki humfikia akiwa maiti, mtulivu, tayari kunyooshwa. Hakuna mtuhumiwa anayetoa ushirikiano kama huo.

Wapo pia wanaodharau mikutano ya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, eti kila mara huazimia makokoro yakome, na makokoro yapo. Basi hiyo si ndiyo sifa yake? Azimio lililotekelezwa lingeondoa sababu ya kukutana tena. Nchi tatu za ziwa hili zilianzisha chombo chao cha pamoja mwaka 1994, chenye makao Jinja, na maelewano ni mazuri: kila moja inakubali kwamba mitumbwi imezidi, hasa ya jirani. Mwaloni nako wenye mitumbwi hujadili kwa uhuru kama wajipunguze, na kura haijawahi kuwaumiza. Sangara asiyeridhika asubiri mwisho wa ajenda, atoe maoni yake kwenye mengineyo.