Jinsi ya Kuandika Mpango Mkakati Ambao Mgonjwa Atauona

Hongera, umepewa hospitali ya kuongoza hapa Dubai. Kabla hujajua choo kiko wapi, utadaiwa mpango mkakati wa miaka mitano. Usihangaike. Fuata hatua hizi.

1. Maneno makubwa yafungie kabatini. "Kinara wa dunia" na "ubora usio na kifani" yakae humo mpaka kazi iishe. Dubai ina maghorofa marefu ya kutosha, haina haja ya sentensi ndefu. Anza na anayeumwa: dereva, mlinzi, fundi wa ujenzi, mtumishi wa nyumbani. Sheria namba 11 ya mwaka 2013 iliwabana waajiri wawakatie wafanyakazi wao bima ya afya. Kadi ya bima mgonjwa anayo, mpango wako ueleze itamfikishaje kwa daktari kabla hajazidiwa.

2. Marumaru si matibabu. Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, alifundisha mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba hutazamwa katika mambo matatu: nyenzo, utendaji na matokeo. Kwa nyenzo, mji huu umejitahidi: Hospitali ya Rashid ilifunguliwa mwaka 1973, na Dubai Healthcare City ikaanzishwa mwaka 2002. Basi kurasa zako zipe matokeo. Wagonjwa wangapi wa kisukari sukari yao imetulia? Wangapi waliopasuliwa wamerudi na vidonda vyenye usaha?

3. Vipimo viwe vichache, na kila kimoja kiwe na mwenyewe. Wataalamu wa usimamizi Kaplan na Norton, mwaka 1992, walipendekeza taasisi ijipime pande nne: fedha, wateja, taratibu za ndani, na kujifunza. Pande ni nne tu. Usizigeuze vipimo mia. Kila kipimo kikabidhi kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kurekebisha mambo, si kwa kamati. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

4. Usiibembeleze namba. Uingereza ilipoweka lengo kwamba mgonjwa asikae idara ya dharura zaidi ya saa nne, wengi walianza kulazwa au kuruhusiwa dakika za mwisho kabla ya muda kutimia. Lengo lilifikiwa, na uamuzi wa tiba ukaanza kufuata saa ya ukutani. Wewe hesabu muda tangu mgonjwa anapoingia mlangoni, si tangu jina lake linapoingizwa kwenye kompyuta. Na muuguzi atakayekuletea namba mbaya, mshukuru mbele ya wenzake, ili kesho akuletee nyingine.

5. Uso ulionuna uutafutie maneno. Tangu mwaka 2014, ofisi za serikali Dubai zina kipimo cha furaha: kioo chenye nyuso tatu, wa kucheka, wa kawaida na wa kununa. Ni wazo jema, lakini kununa hakusemi sababu. Karibu na kioo hicho weka mtu anayejua Kiurdu, Kimalayalam na, Mungu akijalia, Kiswahili. Mzee wa Kizanzibari aliyezeekea mtaa wa Deira, ukimwamkia na kumpa kiti, atakueleza kasoro ambazo hakuna kidole kitakachozibonyeza.

6. Vaa viatu visivyobana. Kila mwezi mwombe mgonjwa mmoja ruhusa, ufuatane naye kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa. Hesabu mara anazoulizwa jina, mara anazotoa kadi, mara anazoambiwa "subiri kidogo". Dubai ina mfumo wa Nabidh unaounganisha kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali mbalimbali. Mtu wako akiwa bado anabeba majibu ya maabara kwenye mfuko wa plastiki, umeshapata lengo lako la mwaka kesho.

7. Futa kimoja, andika kimoja. Ukirudi ofisini, ondoa kipimo kisichomsaidia mgonjwa yule, uweke kitakachomsaidia. Wakaguzi wa ithibati watakuja na kuondoka. Yeye dawa zitamwishia mwezi ujao, naye atarudi kwenye foleni ileile. Ukiikuta imepungua, mpango wako unafanya kazi.